Maneno ya Coletha Kinywani mwa Bridie

Walikutana soko kuu la Shinyanga, kwenye meza ya filamu, wote wawili wameng'ang'ania kava moja lenye picha ya Bridie Tolland, mwigizaji kutoka Australia, amevaa gauni la kijani. Coletha, fundi cherehani, alitaka kushona gauni kama lile. Raphael aliitaka filamu, maana alikuwa na kibanda cha video Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, na kazi yake ilikuwa kuwatafsiria wachimbaji kwa kipaza sauti picha ikiendelea.

"Huyu alianza kwenye tamthilia ya kwao," Raphael alisema. "Nesi, anapita na trei tu."

"Miaka mitatu ya trei," Coletha alijibu. "Leo filamu nzima ni yeye. Na hakubebwa na mtu."

Raphael akamwachia kava, akaondoka na filamu na namba ya simu ya Coletha.

Miezi minne wakaongea kila jioni. Ni kwenye simu ndiko Coletha alikomweleza jambo ambalo hata dada yake hakulijua: mchumba wake wa kwanza alipomkimbia wiki moja kabla ya ndoa, alilifumua gauni la harusi, akawashonea watoto wa watu nguo za ubatizo.

Siku moja akavaa blauzi ya njano na kitenge kipya, akaenda Rwamgasa bila kumwambia. Akaingia kibandani, akakaa nyuma. Kwenye picha Bridie alikuwa ameachwa, amekaa kitandani. Sauti ya Raphael ikasema: "Nililifumua gauni langu, nikawashonea watoto wa watu nguo za ubatizo."

Mchimbaji mmoja akajifuta macho. Coletha akatoka. Kwa wiki mbili hakupokea simu.

Wiki ya tatu Raphael akaja Shinyanga, akasimama mbele ya cherehani. Mjinga yule, lakini walau alikuja.

"Pale Bridie hasemi kitu," alikiri. "Ananyamaza dakika nzima. Nikauogopa ukimya, nikachukua maneno ya kwako. Nisamehe, mpenzi."

"Mwenzio anaijua kazi yake. Uso wake ulitosha." Coletha aliacha kukanyaga pedali. "Wewe kila siku unawasemea watu. Ya kwako ni yapi?"

Mtu aliyezoea kuongea saa mbili mfululizo alitoa maneno mawili tu.

"Nataka kukuoa," alisema kwa sauti ndogo.

Coletha alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, ila mapenzi yalikuwa mengi zaidi.

"Mshenga mpeleke nyumbani kwetu Ushirombo, ndiyo desturi," alisema. "Lakini mbele ya baba utasema mwenyewe."