Jumba la Utepe

Harufu ilianza Jumanne saa nne asubuhi, jua limeshapanda, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anayefikiria majini. Bi Lesi alikuwa kwenye chumba chake cha kushonea, akipapasa pindo la koti zito alilokuwa akijishonea kwa ajili ya safari, ndipo pua yake ikanasa harufu ya nta, ile ya kung'arishia mbao. Nyumba yao ilikuwa ya vigae kuanzia mlango wa mbele hadi wa uani. Haikuwa na hata ubao mmoja wa kung'arishwa.

"Futi, umeleta nini humu ndani?" akaita.

"Sijaleta kitu," mumewe akajibu kutoka uani. "Labda ni hilo koti lako. Zito kama godoro, litaacha kunuka?"

Akacheka, mumewe naye akacheka, yakaishia hapo. Laiti wasingecheka.

Mume aliitwa Futi kwa sababu ya ile futi ya chuma aliyoichomeka kiunoni siku zote. Alikuwa fundi wa vigae na alipima kila kitu, hata mkate kabla hajaukata. Mkewe aliitwa Bi Lesi kwa kuwa alishona magauni ya harusi kwa miaka thelathini, na mabibi harusi walikuwa radhi kuahirisha shughuli kuliko kushonewa na mwingine. Mwaka huo, lakini, macho yake yalikuwa yanazimika. Sura za watu alikuwa ameshazipoteza, hata ya mumewe. Alibaki na ukungu, mwanga wa dirisha na rangi zinazowaka. Daktari hakupindisha maneno. Mishipa ya macho inakufa, alisema, dawa itachelewesha tu.

"Mama, kama kuna kitu umetamani sana kukiona hapa duniani, kione mwaka huu."

Kitu hicho kilikuwepo. Juu ya cherehani yake ilining'inia kalenda kuukuu aliyokataa kuitoa, yenye picha ya mwanamke wa kale aliyevaa gauni la mahameli ya kijani. Mikono ya gauni lile ilijaa mabegani kisha ikashuka bila mshono kuonekana popote. Kwa miaka thelathini Bi Lesi alijiuliza ule mkono uliungwa vipi, na kalenda haikumjibu, maana picha ilikuwa ndogo na imefifia. Picha yenyewe, kubwa kuliko mtu, ilitundikwa huko Ulaya, katika jumba la wafalme wa zamani lililogeuzwa makumbusho, chumba cha kumi na mbili. Wengine huenda Ulaya kula raha na kupiga picha. Yeye alitaka kwenda kuangalia bega la gauni, basi, arudi nyumbani akapofuke kwa amani.

Binti yao, muuguzi aliyeishi mbali, ndiye aliyepanga mambo: miadi ya viza, hoteli karibu na stesheni, siku moja ya jumba, siku moja ya kanisa lenye vioo vya rangi, jioni moja ya ukumbi ambamo mama angewasikiliza waimbaji hata kama hawaoni. Walibakiza wiki tano. Binti akawatumia pia ramani ya jumba, na Futi alipoipata ile ramani, nani angemzuia? Aliipima, akaipunguza, akaibandika sakafuni kwa utepe mweupe wa wapaka rangi. Vyumba vyote kumi na viwili vikaenea korido, sebule na chumba cha kushonea. Lango la kuingilia alilichora kwa utepe kwenye ukuta mtupu mwishoni mwa korido, fremu kamili ya mlango.

"Miguu yako ijue njia kabla hatujafika," alimwambia mkewe. "Kule usipoteze macho kutafuta pa kupita. Macho yabaki kwa picha."

Basi kila asubuhi Bi Lesi alisimama kwenye ule mlango wa utepe, akaita "Hodi!", na Futi akajifanya mlinzi, akikaza sauti: "Karibu mama! Usiguse picha, na huyo mume wako mzuri usimwache nyuma!" Walikuwa na furaha, tusiwaonee.

Alhamisi alasiri Futi alikwenda mjini kutafuta viatu vya safari. Bi Lesi alikuwa amesimama koridoni, hana hili wala lile, mkono ukamshika mkono.

"Twende," sauti ya Futi ikasema taratibu.

"Umerudi upesi hivyo? Viatu je?"

Aliongozwa hatua tatu, akasikia chini ya nyayo zake mbao zikilia badala ya vigae, ile harufu ya nta ikamjaa puani, halafu ukungu wote uliokuwa mbele ya macho yake kwa mwaka mzima ukafunguka. Aliona. Aliona dari yenye nakshi za dhahabu na fremu nzito ukutani, akaona mzee mwenye ukosi mweupe uliokunjwakunjwa na akahesabu mikunjo yake, akaona mstari mwembamba wa rangi ulipopasuka kwenye paji la uso la mtoto wa kifalme, na machozi yakamtoka mpaka akaogopa yasimzibie alichokuwa anakiona.

"Unaona?" sauti ikauliza.

"Naona! Futi, naona!"

"Leo vyumba vitatu tu."

Ndipo geti la nje lilipolia, na kutoka uani, wazi kabisa, Futi akaita kwa furaha: "Mke wangu! Viatu vimepatikana, njoo ujaribu!"

Ule mkono ulikuwa bado umemshika, haukukurupuka wala haukujificha, ulimbana vidole kidogo kwa upole kama mtu anayemwambia mwenzake anyamaze, na sasa tu ndipo Bi Lesi alipotambua kwamba kiganja kile kilikuwa laini na baridi, hakina ufa hata mmoja, wakati kiganja cha Futi, kilicholiwa na saruji miaka nenda rudi, kilikwaruza hata shuka.

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo aibu yake. Alisubiri mpaka mkono ulipomwachia, akaenda uani kujaribu viatu, akasema vinamtosha.

Ijumaa, Futi alipotoka tu, akaenda kwenye ukuta mwenyewe. "Hodi," akanong'ona. Alionyeshwa cha nne, cha tano na cha sita. Aliporudi hakuliona dirisha la sebule. Alilipata kwa kupapasa joto la jua kwenye pazia. Jumamosi alikwenda tena, akaona mpaka cha tisa, na jioni ile rangi nyekundu ikawa imemwacha kabisa. Hakuhitaji kuambiwa. Kile alichoonyeshwa mle ndani kilikatwa kutoka kwenye kile kidogo alichobakiza nje. Alijua, na Jumapili akaenda.

"Nionyeshe cha kumi na mbili," alimsihi. "Hivi vingine acha, sivitaki. Nionyeshe hicho kimoja uchukue kilichobaki chote."

"Kilichobaki chako ni kidogo, hakitoshi," sauti ikasema, bado kwa mdomo wa Futi. "Nimechoka kukaa ukutani. Kwa cha kumi na mbili nataka mahali pa kukaa."

"Mahali gani?"

Bi Lesi hakuuliza mara ya pili.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Daktari alimpima, akampima tena.

"Sielewi," alisema hatimaye. "Wiki moja imekula kama mwaka mzima. Hiyo safari ni lini?"

"Bado mwezi," Futi akajibu.

"Mzee, sitaki kuwadanganya. Mtafika, lakini mama hataona kitu."

Futi alijikaza mpaka walipofika nyumbani. Hapo akakaa chini kwenye utepe wake na kulia kwa sauti, mtu mzima, akisema angejua angeuza hata vifaa vyake vya kazi wakaenda mapema. Kilio kile ndicho kilichomshinda Bi Lesi. Akamshika kichwa na kumweleza yote, mkono, vyumba, sauti, na jinsi alivyokwenda mwenyewe kwa miguu yake. Alitegemea kufokewa. Futi alimbusu tu viganja, akainuka na kwenda kumwita Mkunga.

Mkunga alikuwa mama mzee aliyestaafu kuzalisha, lakini watu walizidi kumwita kwa mambo ambayo hospitali haina dawa yake. Alikuja adhuhuri, mfuko mdogo mkononi.

"Bibi, si tungengoja usiku?" Futi akauliza kwa kunong'ona.

"Usiku wa nini? Hawa wanakuja wakikaribishwa, saa hawaangalii." Akagonga ule ukuta kwa kidole, akasikiliza. "Nani alimkaribisha?"

Wakatazamana, au Futi alimtazama mkewe.

"Hatujamkaribisha mtu," akasema.

"Fikiri, mwanangu. Hodi ilipigwa, na mtu akaitikia."

Futi akakumbuka. Jumatatu iliyopita alikuwa uani akikata vigae. Alisikia hodi koridoni, akadhani ni mkewe anafanya mazoezi, akaitikia bila kuinua kichwa: karibu, pita ndani, jisikie nyumbani. Mkewe saa ile alikuwa kwa jirani akipimisha koti.

"Basi wewe uliyemkaribisha ndiye utakayemsindikiza," Mkunga akasema. "Utaanzia chumba cha mwisho, upite vyote, usigeuke nyuma. Ukifika mlangoni mwambie muda wa wageni umekwisha, aende salama, halafu urudi. Na wewe, mwanangu," akamgeukia Bi Lesi, "funga mdomo wako. Usimwite, usimwombe kitu. Ukimwomba, atajua bado ana mwenyeji."

Akawasha ubani, akamketisha Bi Lesi kwenye kiti cha cherehani na kusimama ubavuni pake. Futi akapita mbele yao. Mkewe alimtambua kwa sauti ya kandambili. Nyuma ya zile kandambili zikafuata hatua nyingine, za viatu vya ngozi vikikanyaga mbao, polepole, bila haraka, na zilipompita Bi Lesi upepo wa mahameli ulimgusa goti, na akahisi, kwa uhakika uliomuumiza kifua, kwamba gauni lile la kijani lilikuwa linaondoka nyumbani mwake, na bega lake, na siri ya mkono wake, na kwamba baada ya hapo kilichobaki ni giza, leo giza, kesho giza, safari au hakuna safari, mpaka siku ya kufa. Akabana meno. Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Hatua zikatoka chumbani, zikavuka sebule, zikaingia koridoni.

"Muda wa wageni umekwisha," sauti ya Futi ikasikika. "Nenda sa…"

"Subiri!" Bi Lesi akalia. "Subiri kidogo! Cha kumi na mbili sijakiona!"

Hatua zilikoma. Mkunga alimkamata bega, amechelewa. Koridoni ukaja mlio mfupi kama wa kitambaa kinachochanwa, halafu kandambili zikaanza kurudi. Zilikuwa peke yake.

"Ameondoka," alisema Futi, akiingia.

Naye Bi Lesi akamwona.

Mkunga aliyesimama pembeni yake alikuwa kivuli. Mlango ulikuwa ukungu. Lakini mwanamume aliyesimama katikati ya ukungu ule alionekana wazi, kila unywele mweupe wa ndevu, kovu la nyusi, doa la saruji kwenye ukosi. Tangu masika yaliyopita hakuwa ameuona uso huo. Alikuwa amezeeka. Alikuwa mzuri vilevile.

Mkunga hakuwa mjinga. Alimtazama yule mtu juu hadi chini, kisha akainama kwenye sikio la Bi Lesi.

"Macho yangu yananiambia ni yeye, lakini macho yanadanganywa. Wewe ni mkewe. Mlango wa utepe bado uko ukutani. Kama siye, sema sasa hivi, nimtoe huyu nimrudishe wako. Nikishabandua utepe, siwezi tena. Ni mumeo?"

Bi Lesi alifungua mdomo aseme siye. Alikuwa na neno lenyewe ulimini. Yule mtu akatabasamu tabasamu la Futi, lile la upande mmoja, akachuchumaa mbele yake ili amwone vizuri zaidi.

"Mke wangu, usilie," akasema. "Tunakwenda. Nitakushika mkono mpaka kwenye picha, na utaona kila uzi."

Alijua. Tusije tukasema hakujua. Lakini mwanamke huyu alikuwa amekaa gizani siku nyingi mno, na uso anaoupenda kuliko zote ulikuwa mbele yake, na akisema lile neno utazimika. Akautazama, akashindwa kuacha kuutazama.

"Ndiye," akasema.

Mkunga akashusha pumzi na kwenda koridoni. Bi Lesi akasikia utepe ukibanduliwa ukutani, kipande baada ya kipande, na kwa masikio yale ya mtu asiyeona, yanayosikia kuliko ya wengine, akasikia pia mtu akipapasa upande wa pili wa ukuta.

"Mke wangu," sauti ilikuwa mbali, yenye mshangao. "Mke wangu, uko wapi? Mbona huku giza?"