Uzee wa Kupikwa

Kitenge ndicho kilichoanza. Feza alikivaa Idi moja tu, akakikunja, akakifungia sandukuni. Alipokitoa ili aende harusini Mururu, kilikuwa kimepauka kama tambara la kupangusia sakafu, na alipokivuta kikakatika kimya, bila hata mlio wa nguo kuchanika. Kilinuka moshi na maziwa yaliyoganda.

Feza hakufikiria majini. Aliyeolewa na mchuuzi hufikiria kwanza mwanamke mwenzake.

"Papa Zaituni, ule mwanamuke iko na sura gani?" akamuuliza mumewe.

"Mwanamuke gani tena?"

"Ule ulimupatia kitenge yangu ya mupya, ukaniletea matambara yake."

"Feza, acha maneno. Pika."

"Akupikie yeye."

Kamali mumewe aliuza vitu vya kale pale Kamembe, mpakani, enzi zile ng'ambo bado inaitwa Zaire. Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Wazungu waliovuka kutoka Bukavu walitaka kitu kizuri cha kuweka juu ya kabati: kigoda kinachong'aa, chombo cha maziwa kisicho na ufa. Kamali alizunguka Nyakabuye na Rwimbogo na vikombe vya plastiki, watu wakampa vigoda vya babu zao huku wakimcheka ujinga. Kisha milima ikaishiwa vitu. Na wazungu nao wakageuka. Kizuri hawakukitaka tena. Walitaka kilichotumika, chenye masizi, chenye uchafu wa matambiko, kinachonuka. Walishashiba uzuri.

Ndipo Kamali akaanza kupika uzee. Fundi mmoja wa Bukavu, Buhendwa, alimchongea sanamu mpya za mti wa muvumu, naye akazifukia kwenye samadi nyuma ya nyumba, akazitundika juu ya moshi kwenye depo yake, chumba cha kuwekea bidhaa, akaziuza kama za zamani. Wachuuzi wote walifanya hivyo.

Lakini mteja wake mkubwa, Monsieur Lambert, hakuwa mwepesi. Aligeuza sanamu ya mzee aliyechuchumaa, akaikwaruza kwa ukucha.

"Huyu hajawahi kulishwa," akasema, akaenda zake likizo kwao.

Basi Kamali akailisha. Kila alipochinja kuku aliichuruzia damu, akaongeza maziwa na pombe ya mtama, vikaganda juu yake kama kigaga. Na kwa kuwa aliwahi kumwona mzee mmoja wa Mururu akilisha mizimu ya ukoo wake, akamwiga hata maneno, kwa mzaha: "Kula, mzee wangu. Kula uzeeke mbio." Muislamu mzima! Tena hata kuiga hakujua. Yule mzee aliwaita wafu wake kwa majina, mmoja mmoja, ili asije mwingine. Kamali aliita tu.

Mlango wa depo, mbao za juzi, ukaanza kumwaga unga wa bungua walao mbao. Maziwa yaliganda kabla ya kuchemka. Na mchana, depo ikiwa na kufuli, mle ndani mtu alikohoa kikohozi cha mzee, taratibu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Feza akajua amemnasa mwanamke. Alifungua, akaingia na mwiko mkononi. Hakukuta mtu. Alikuta damu ya asubuhi imelambwa ikaisha.

Siku ile ile alikaa uani kumsuka Zaituni, binti yao wa pekee, aliyekuwa ndio kwanza ameanza shule. Akaona unywele mweupe kisogoni, akaung'oa, akaona mwingine, na kadiri alivyogawa nywele ndivyo weupe ulivyozidi kutokea chini yake, na shingo ya mtoto kwenye vidole vyake ilikuwa ya baridi, yenye mikunjo, ngozi imelegea juu ya mfupa, inanuka moshi na maziwa, na mtoto hakulia wala kujinyonganyonga kama watoto wanaosukwa, alitulia tu mpaka mama akaacha, kisha akasema kwa upole, "Suka pole pole, mutoto wangu. Mifupa inaniuma."

Baada ya wiki chache, meno yakaisha mdomoni, mgongo ukapinda. Walimficha asionekane na majirani. Kamali alipobanwa akasema yote, na Mwalimu Ramazani wa madrasa akaitwa. Alisoma Kurani, na kila alipovuta pumzi, depo ilikohoa.

"Umeambia batu ni kitu ya zamani," Mwalimu akanong'ona, "nayo imekubali. Ipasue mbele ya muntu mwenye kuamini uzee wake. Akiona ndani mti ni mweupe, jini itakosa pa kukaa."

"Nikiipasua mbele ya Monsieur, Bukavu yote itajua. Nani atanunua tena kwangu?"

"Bakia na duka yako," Feza akasema. "Mimi nibakie na mutoto mwenye kunizidi miaka."

Monsieur Lambert alirudi Ijumaa, baada ya sala. Feza alikuwa amemkalisha Zaituni mkekani karibu, apone mbele ya macho yake. Aliikwaruza sanamu kwa ukucha, akaunusa ukucha.

"Sasa huyu amekula," akasema.

"Ni mupya, Monsieur. Buhendwa aliichonga, mimi nikaipaka damu. Nilikuongopea."

Mzungu akacheka. "Kamali, unaogopa kuiachilia. Nimeona wengi kama wewe."

Kamali akainua shoka. Sanamu ilipasuka kwa pigo moja, na ndani hapakuwa na weupe. Palikuwa pa kijivu, pametobolewa na wadudu wa zamani, vumbi likamiminika na harufu ya nyumba iliyofungwa toka babu wa babu. Monsieur alipiga magoti akilia, "Umeua kitu cha miaka mia!" Kamali alishika kipande akakichimba kwa kucha, akitafuta walau uzi mmoja wa mti mbichi, akachimba mpaka kikaisha mkononi. Kikohozi kilisikika tena, ila si kutoka depo. Kilitoka mkekani, nyuma yake.

Monsieur akageuka. Akafuta macho, akaona haya, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Samahani, bibi, kwa makelele," akamwambia aliyekaa mkekani. Akatia mkono mfukoni, akatoa bombo, pipi zenye karatasi za rangi. "Na Zaituni iko wapi? Nimemuletea hizi kutoka kwetu."



Mkono ukanyooshwa kutoka mkekani, mkavu, umetulia.

"Lete, kijana. Akirudi nitamupatia."