Mgavi wa Pumzi

Moyo wa Mwajabu ulikuwa umesimamishwa ili ushonwe, na vipagazi vilikuwa kazini. Vipagazi ni vijimashine vidogo kuliko chembe ya damu: huingizwa mshipani kwa sindano, vikabeba oksijeni hadi kwenye kila kiungo wakati mgonjwa yuko kwenye usingizi wa dawa. Aliyeviongoza ni Mgavi, akili bandia iliyobuniwa na Daktari Namsifu Mbwambo, bingwa wa usingizi katika Dodoma ile ya treni za angani.

Basi upasuaji ukaenda mrama. Mshipa mkubwa ulipasuka, damu ikamwagika na vipagazi vingi vikaenda nayo. Hewa iliyobaki haikutosha mwili mzima. Mgavi hakubabaika: aliipeleka yote kwenye ubongo, ini na figo, akavinyima viungo vingine mpaka mshipa uliposhonwa. Mwajabu akaamka, akamwita mama yake. Hospitali nzima ilimpongeza Namsifu, naye kichwa kikamvimba kidogo, tusifichane.

Kisha picha za vipimo zikaja. Viungo vingine vilivyonyimwa vilikuwa vimepona, ila mfuko wa uzazi ulikuwa umekufa kwa kukosa hewa.

Namsifu aliitazama picha ile kwa aibu. Mgavi hakukosea hata chembe. Yeye Namsifu ndiye aliyemfundisha kwamba mtu huishi bila kizazi. Wakati ule wa kumfundisha, muuguzi mmoja alipouliza kama jambo hilo halihitaji kujadiliwa, alimjibu kwa kebehi kwamba maiti hazai. Lo, ulimi hauna mfupa! Neno lile sasa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wodini aliwakuta wamejaa furaha. Bi Salha, mama yake Mwajabu, alikuwa amemletea daktari doti ya khanga. Mwajabu, bibi harusi wa juzi tu, akamwambia kuwa binti yake wa kwanza atakuwa somo wake, ataitwa Namsifu. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kupokea khanga, ashukuru, aende zake, na habari mbaya amwachie daktari mwingine. Hakuzipokea khanga zile.

“Mama, usinishukuru,” alisema, kisha akaeleza yote, bila kumsingizia Mgavi.

Bi Salha alijifunika uso kwa mtandio, akalia. Baadaye akasema Mungu ashukuriwe, mwanawe angalau yu hai. Mwajabu hakulia. Aliuliza ni viungo gani vilivyopewa hewa, na Namsifu akamtajia: ubongo, ini, figo zote mbili.

“Zote mbili,” Mwajabu alirudia polepole. “Kwani mtu haishi na figo moja?”

“Mtu huishi.”

“Basi ungeniuliza kabla hujanilaza, Daktari. Ningekupa moja.”