Muhuri wa Phelista

Phelista alimdharau Hesbon hata kabla hajamjua jina. Ilikuwa Februari 2009, posta ya Kitale imejaa hadi mlangoni, na jamaa mmoja mwenye shati la zambarau na viatu vya ncha kali akawapita watu wote, bunda la waya begani, ati ana haraka.

"Foleni inaanzia huku, bwana waya," Phelista akamwambia.

"Madam, hizi foleni zenu ndizo nimekuja kuzimaliza."

Watu wakacheka. Phelista, na sketi yake ya kijivu iliyopigwa pasi ikakatika mikunjo, hakuona cha kuchekesha. Saa moja baadaye alikuwa kwenye dawati lake katika ofisi ya mbegu alipomwona mpuuzi yule yule akiingia na ngazi.

Mwenye ofisi, Mzee Nderitu, alikuwa amemwita kutoka Bungoma aje ang'oe simu ya zamani na mashine ya faksi, aweke za intaneti. Kwa siku mbili Hesbon alifunga antena juu ya paa na kushuka na majigambo. Faksi za wateja, alisema, sasa zingeingia kwenye kompyuta kama barua pepe. Halafu akauona muhuri wa IMEPOKELEWA, ambao Phelista alikuwa ameugonga kwenye kila faksi, pamoja na tarehe, kwa miaka sita.

"Na hii utagonga wapi sasa, kwa skrini? Kalatasi imekwisha, bana."

"Kalatasi," Phelista akamwiga. "Jifunze kwanza kuitaja ndipo uizike."

Hesbon akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Kilikuwa kicheko kizuri, na Phelista alijiona mjinga kwa kukipenda.

Fundi akarudi Bungoma. Kila siku saa saba mchana simu mpya ikalia.

"Sasa, mrembo wangu?"

"Unaongea kama mtu amejaza ugali mdomoni. Ndiyo simu ya kisasa hiyo?"

"Ni mtandao tu. Phelista, nina neno la ma... mimi na we... si unaona vile..."

"Neno la maana halisemwi kwa hii takataka. Andika kwa mkono, utume faksi. Nikigonga muhuri utajua nimekupokea."

"Kesho asubuhi, mpenzi."

Kesho ikapita bila faksi. Ikapita wiki; hata oda hazikuja, naye akadhani wateja bado wanangoja mvua. Hesbon akaacha kupiga simu, na Phelista alipompigia, alijibu kama karani aliyechoka.

"Wewe si ulinyamaza? Sawa tu."

"Nani alinyamaza?"

Simu ikakatika, na safari hii mtandao haukuwa na hatia. Phelista akajiambia amepona, kwamba mwanamume wa viatu vile angempeleka wapi. Usiku huo alilia nyumbani kwao Kibomet, akaukasirikia hata mto.

Wiki ya tatu Mzee Nderitu alitoka ofisini kwake akifoka. Wenye maduka wa Bokoli na Mabanga walikuwa wakimtukana: walituma oda, mbegu hazikufika, na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni. "Faksi ni kazi yako, Phelista. Kesho zisipopatikana, tafuta kazi pengine."

Hesbon aliitwa, akaja na tai.

"Mtambo hauna shida," alisema bila kumwangalia Phelista. "Shida huwa ni mtu."

Akafungua kompyuta yake ndogo, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akailegeza tai. Phelista akainama juu ya bega lake. Mahali pa kuandika anwani ya barua pepe ya ofisi palikuwa na anwani ya Hesbon mwenyewe, ile aliyoiweka siku ya majaribio akasahau kuitoa. Kwenye sanduku ambalo hakuwahi kulifungua tena, faksi arobaini na moja zilikuwa zimelala.

"Huyo mtu," Phelista akamnong'oneza, "ana tai nzuri."

"Fundi!" Mzee aliita kutoka ndani. "Umeona? Ni kosa la nani?"

Hesbon alimtazama Phelista. Lingetosha neno moja la kumtupia yeye lawama, na Mzee angeliamini. Tena fundi alikuwa ameahidiwa kufunga mitambo katika tawi la Bungoma. Phelista alingoja, huku akijiandaa kumdharau maisha yake yote.

"Ni langu, Mzee. Phelista hana kosa. Mimi ndiye nilisahau."

"Basi Bungoma nitatafuta fundi mwingine!"

"Ni sawa, Mzee."

Phelista alichapisha faksi zote. Arobaini zilikuwa oda. Moja ilikuwa mwandiko mbaya wa mkono, wa wiki tatu zilizopita: *Phelista, nataka nije Kibomet kwa wazazi wako. Ukikubali, nijibu.*

Alizigonga muhuri oda zote, moja moja, bila haraka, Hesbon akisimama pale jasho likimtoka. Ya mwisho aliishika kwa muda mrefu.

"Mwandiko wa kuku," alisema.

"Najua."

"Na umejitumia mwenyewe. Ulitaka kujioa?"

"Phelista, tafadhali."

Akaupeleka muhuri kwenye wino, akaugonga katikati ya karatasi kwa nguvu zake zote, akaandika tarehe ya siku hiyo.

"Jumapili," alisema. "Na uvae viatu vya watu."