Mizimu Tisini na Minane

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alikwenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda cha kaka yake. Jina hilo alipewa na baba kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, naye hakulikataa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kaka yake, aliyempita miaka miwili, alivunjika mguu alipoanguka kutoka ukuta wa shule, na kwa wiki tisa mguu huo ulikuwa ndani ya plasta nzito.

Wiki hizo alizimaliza kwa mashine ndogo ya michezo aliyotumiwa na mjomba wao. Ndani yake ulikuwamo mchezo mmoja tu, uliotoka Japani. Mtoto mwenye taa ya karatasi huzunguka vijijini akitafuta mizimu ya hadithi za kale za huko, na kila mzimu anaofanya nao urafiki huingia ndani ya taa yake. Jumla ni mizimu mia. Kaka alikuwa amekusanya tisini na minane, na aliyempenda kuliko wote ni mwavuli mkongwe wenye jicho moja na mguu mmoja.

"Huyu ni ndugu yangu," alisema. "Sote tunaruka kwa mguu mmoja."

Mchezo uliandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu nyumbani aliyejua kuzisoma. Hata hivyo kaka aligundua jambo. Kila unapokutana na mzimu, mashine hukupa majibu mawili: la juu ni kuinama kwa heshima, la chini ni kupigana.

"Tazama jini wa mto, ana kisahani cha maji utosini," alimweleza Chiriku. "Ukimwinamia, naye huinama, maji yanamwagika, nguvu zote kwisha! Ukikwama, bonyeza jibu la juu. Heshima haijawahi kumponza mtu."

Alhamisi baba alimpeleka kaka hospitali kutolewa plasta. Jumamosi wenzake watatu wa darasani wangekuja kuona mizimu miwili ya mwisho ikikamatwa, kwa hiyo kaka aliacha agizo moja: "Chiriku, usiguse mashine."

"Wallahi siigusi!"

Kiapo hicho kilidumu kwa muda wa kuosha sahani mbili. Chiriku alitamani kuona mwanzo wa mchezo, pale mtoto anapopewa taa na bibi yake, maana alisimuliwa tu. Alibonyeza huku na huku mpaka ikatokea picha ya taa isiyowaka, na chini yake swali lenye majibu mawili. Akakwama. Akabonyeza la juu.

Bibi alitokea, akatoa taa. Chiriku alifurahi kwa dakika mbili hivi, kisha akafungua taa kutazama mizimu. Haukuwemo hata mmoja. Alizima mashine, akawasha tena. Taa ilikuwa tupu vilevile. Ndipo akaelewa kwamba mashine ilimuuliza kama ifute yote ianze upya, naye kwa heshima zote akakubali.

Hofu ilimshika. Aliiacha mashine ikiwaka mpaka ikaishiwa na chaji. Chaja akaizika chini kabisa ya kikapu cha vipande vya vitambaa, kilichokaa kando ya cherehani ya mama yao, fundi wa nguo.

Kaka alirudi akitembea kwa fimbo, mguu mwembamba kama mpini wa jembe, uso umejaa furaha. Aliomba mashine kwanza, hata maji hakunywa. Haikuwaka. Chaja ilitafutwa chini ya kitanda, juu ya kabati na ndani ya mfuko wa hospitali.

"Umeiacha huko hospitali," baba alifoka. "Kila siku nakwambia, tunza vitu vyako! Mkubwa mzima!"

"Labda kweli niliibeba," kaka alisema, furaha yote imemtoka. "Samahani, baba."

Chiriku alisimama mlangoni, akasikia kila neno. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha kumwokoa kaka yake, na hakulisema.

Ijumaa mchana mama alitia mkono kikapuni kutafuta kiraka, akashika waya. Aliitoa chaja, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaendelea na kazi yake ya kufumua mshono.

"Chiriku."

"Abee, mama."

"Tangu jana nyumba imepoa. Umemeza pini?"

Chiriku aliiona chaja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Unafumua nini?"

"Mkono wa gauni. Nimeushona upande usio wake. Nikifumua sasa ni mstari mmoja wa uzi. Nikijifanya sikuona, nikashona na bitana juu yake, nitakuja kufumua gauni zima."

Chiriku akaangua kilio, akasema yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mimi umeshaniambia. Lakini taa si yangu."

Chiriku akaenda kitandani kwa kaka yake, akarudia yote. Kaka alisikiliza bila kupepesa macho.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hata mwavuli?"

"Hata mwavuli."

Kaka aligeukia ukutani. "Mizimu sawa," alisema. "Lakini ulisimama pale ukaniacha nigombezwe. Toka."

Jumamosi wenzake watatu walipobisha hodi, Chiriku alifika mlangoni wa kwanza. "Mizimu haipo," alisema. "Niliifuta mimi. Chaja pia niliificha mimi. Kaka hakukosa kitu."

Baba alikuwa barazani akisikia. Aliingia chumbani, akaketi karibu na kaka. "Nilikugombeza bure, mwanangu. Nisamehe."

"Kumbe Chiriku kaimeza mizimu yote!" mmoja wa wageni alisema akiingia nyuma yake, na kaka, ambaye alikuwa ameapa moyoni kutocheka mwezi mzima, akacheka.

Alivuta daftari chini ya mto. Kwa kuwa hakuweza kusoma herufi zile, alikuwa amemchora kila mzimu na mahali alipompata.

"Mara ya kwanza nilitafuta kwa kupapasa. Safari hii tuna ramani," alisema. "Utabonyeza wewe, nitaelekeza mimi. Lakini kila siku kwanza unanisindikiza hadi kona na kurudi. Daktari kaniagiza nitembee."

Walianza na mwavuli. Kila siku walitembea, kisha wakacheza, na Chiriku hakubonyeza jibu lolote kabla ya kuuliza. Wiki ya nne taa ilijaa mizimu mia, na fimbo ilikuwa imeshasahauliwa nyuma ya mlango.

"Mizimu imerudi kwa sababu ilichorwa kwenye daftari," mama aliwaambia huku akikata uzi. "Imani ya mtu haina daftari. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake mtu mwingine ndiye anayeumia."

Jumatatu iliyofuata kaka alijiandaa kurudi shuleni, saa moja kabla ya Chiriku. Alipofika mlangoni, akageuka, akamwekea mashine mkononi pamoja na chaja yake.

"Nitunzie," alisema.