Mashine Iliyomjua Ndunge

Mapenzi haya yalianzia mahali pasipo na dalili yoyote ya mapenzi: getini kwa ploti ya ghorofa nane, mtaa wa Kware, Nairobi, saa kumi na mbili jioni. Foleni ya wapangaji ilikuwa imefika hadi kwa mwuza viazi. Huyu ana mtungi wa gesi begani, yule ana mtoto mgongoni, na mbele kabisa amesimama Ndunge, msusi mwenye kazi yake mtaa wa Fedha, ndani ya rinda la manjano na wigi jipya lililomfunika mpaka kwenye nyusi. Mashine ya kusoma uso, iliyofungwa wiki hiyo hiyo, ilimkagua kisha ikasema kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka:

"Uso haujulikani."

"Ati sijulikani? Nimeishi hapa miaka minne!"

"Uso haujulikani."

"Toa wigi, siste, tumechoka!" mtu akapaza sauti kule nyuma.

"Nitoe wigi mbele ya watu? Anza wewe kutoa suruali."

Foleni ikaangua kicheko. Hapo akajitokeza kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi likanyooka, bisibisi mkononi. Huyo ni Jackton Opiyo, fundi aliyeifunga mashine, na mwenye nyumba alikuwa amempa chumba ghorofa ya tatu ili aitunze.

"Sasa, mrembo. Pole sana. Mashine bado haijazoea warembo."

"Na wewe umezoea?"

"Naanza leo," alisema kwa ujasiri, kisha bisibisi ikamponyoka, ikaangukia kidole chake cha mguu.

Ndunge alicheka mpaka akasahau hasira, naye Jackton akausajili uso wake papo hapo, na wigi lake kichwani.

Ploti nzima iligawanyika kwa sababu ya mashine hiyo. Mama Adoyo aliisifu kila mahali, maana tangu ije hakuna mtungi wa gesi uliopotea kwenye korido. Bwana Mulama wa ghorofa ya tano aliichukia tangu siku mkewe alipoomba kuonyeshwa mumewe alirudi saa ngapi Ijumaa. Lakini aliyeichukia kuwashinda wote ni Mzee Musau, mlinzi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa geti. Sasa wapangaji walipita kwa uso, naye akabaki na kitabu cha wageni: jina, nambari ya nyumba, uhusiano na mwenyeji, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Na mwenyeji lazima ashuke mwenyewe kutia sahihi. Hata angekuja askofu, angeandikwa.

Ndunge naye hakuipenda. "Kwetu Mwala mama alikuwa anajua nimepitia wapi kabla hata sijafika nyumbani," alimwambia Jackton. "Nilikuja Nairobi nipumue. Mtu kunichungachunga, hapana. Hiyo siwezi."

"Nimeelewa kabisa," akasema Jackton, na hakuwa ameelewa hata kidogo.

Kwa maana tangu siku ile, bahati ilimwandama Ndunge. Alikaa ghorofa ya saba, na lifti hakuna. Lakini kila alipoanza kupanda ngazi, huyo Jackton anashuka, "kwa bahati tu", anapokea mifuko. Akirudi saa kumi, yupo. Akicheleweshwa na mteja mpaka saa mbili, yupo, tena na chai ya moto kwenye chupa. Mapenzi yakanoga. Simu ndiyo usiseme.

"Umekula, bebi?"

"Nimekula. Na wewe acha kunipigia, niko na kichwa cha mtu hapa."

"Mwambie hicho kichwa kinisalimie."

"Wewe ni mjinga, Jackton." Kisha kwa sauti ya chini, "Unajua, naona ni Mungu anatukutanisha kwa ngazi. Haiwezekani kila siku."

"Mungu ni mwema," Jackton akajibu, akabadilisha mazungumzo haraka.

Jumamosi moja alimpeleka kula samaki. Ndunge alikuwa amevaa blauzi nyekundu, anachambua tilapia taratibu, simu ya Jackton ikiwa mezani kati yao. Mara simu ikanena, kwa ile sauti ya mwanamke asiye na haraka:

"Ndunge Mbaluka ameingia. Saa kumi na moja na dakika nne."

Ndunge akaacha kutafuna. "Ndunge gani? Mimi si niko hapa?"

Simu yake nayo ikalia: kumbe ni Ndete, mdogo wake kutoka Komarock, aliyekuja kumtembelea akiwa amevaa lile wigi aliloliazima, na mashine ikampitisha bila swali.

"Kwa hivyo simu yako inakuambia kila nikiingia?"

"Bebi, ni setingi ndogo tu. Nilitaka nikubebee mifuko..."

"Nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa kazi ya kamera!" Sahani zote za jirani zikatulia. "Na huo usalama wenyewe uko wapi, kama wigi likiingia linaitwa mimi? Futa uso wangu. Na usinifuate."

Aliondoka akimwacha samaki, na yeyote anayemjua Ndunge anaelewa hiyo ni hasira ya kiwango gani.

Jackton alipiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikapokelewa.

"Unapiga ya nini? Si uulize mashine kama nataka kuongea?"

Ikakatwa. Jackton akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza aliona aibu ya kweli.

Jumapili akaufuta uso wa Ndunge. Nywila ya mashine akaigawa: nusu kwa Mama Adoyo, nusu kwa Bwana Mulama, watu wawili wasioweza kukubaliana hata kuhusu hali ya hewa. Mwisho, ili wawe sawa, akaufuta uso wake mwenyewe, akatoka kununua mahindi mawili ya kuchoma. Aliporudi geti likamkatalia.

"Mzee Musau, nifungulie. Si ni mimi?"

"Uso haujulikani," akasema Mzee Musau kwa utamu mkubwa.

"Na Ndunge, si hayumo kwenye mashine na unampitisha?"

"Ndunge namjua miaka minne. Wewe umekuja juzi na waya zako. Mwenyeji wako nani?"

"Ndunge."

"Anarudi saa ngapi?"

"Sijui."

"Ajabu! Na wewe ndiye ulikuwa unajua."

Jackton akakaa kwenye jiwe. Mahindi yakapoa. Foleni ya jioni ikaja, ikamtazama, ikamcheka. Saa moja akasimama ghafla, na Ndunge bado hajamfikia mwuza viazi, tena amesuka rasta za dhahabu zisizowahi kuonekana Kware.

"Umenijuaje na hizi nywele?"

"Mguu wa kushoto. Unaukanyagia kama ardhi imekukosea."

Ndunge alijaribu kununa, ikamshinda. "Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Saa nane. Sikujua utakuja lini. Ni vibaya sana, Ndunge, kutojua. Lakini ulipotokea, nimefurahi kuliko siku zote nilizojua. Nisamehe."

"Maneno baadaye," Mzee Musau akafungua kitabu. "Uhusiano na mwenyeji?"

"Andika jirani," Jackton akasema kwa unyonge.

Ndunge akaichukua kalamu, akaandika polepole, akarudisha. Mzee Musau akavaa miwani na kuisomea foleni nzima: "Mchumba."

Vigelegele vikapanda mpaka ghorofa ya nane. Mahindi yalikuwa yameshaanguka zamani.

"Saa ya kutoka?" mzee akauliza, kalamu mkononi.

"Hapo usiandike kitu, mzee," Ndunge akasema, akamshika Jackton mkono wakaanza kupanda ngazi.