Pampu ya Kijani ya Moksed

Kila asubuhi Jorina alisukuma mpini wa pampu uani, akajaza mtungi, akachemsha maji ya kunywa. Mumewe, Moksed, alilima mpunga. Binti yao, Parul, alingoja kuposwa.

Viganja vya Jorina vilikuwa na madoa meusi, vigumu kama gome. Kidole kimoja kilikuwa na kidonda kisichopona. Sufia, jirani aliyefundishwa kazi ya afya, akaja kumtazama.

"Wifi, maji unateka wapi?"

"Hapa hapa. Huoni pampu yetu ni ya kijani? Tena nachemsha."

Kijijini kwetu pampu yenye sumu hupakwa rangi nyekundu, iliyo salama kijani. Sufia alikwangua rangi kwa ukucha. Chini palikuwa pekundu.

"Kaka Moksed, nani kapaka hii?"

"Mimi. Wageni walikuwa wanakuja kumwona Parul. Nani ataoa kwenye pampu nyekundu?"

"Wakaoa?"

"Walikula samaki wetu, wakaona viganja vya mama yake, wakaaga."

"Lakini nachemsha," Jorina alisema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, wifi. Hii ni sumu ya ardhini, aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki. Tekeni pampu ya msikitini, imepimwa. Na kidonda hicho kipeleke hospitali."

Parul akasema, "Majirani nao wanateka hapa. Waliona kijani."

Moksed alikosea. Lakini mimi, jirani yao, sisahau. Wakubwa wa serikali na wa misaada ndio waliotuchimbia pampu hizi, wakatuambia tuache maji ya bwawa. Baadaye wakarudi na makopo ya rangi, wakapaka nyekundu, wakaenda zao. Maji mengine hawakuleta. Walituachia aibu, wakaiita msaada.

Parul alitafuta rangi nyekundu, akamwekea baba yake miguuni.

"Paka, baba. Anayeogopa rangi asinioe."

Moksed akapaka mpaka mpini.

Jorina alichelewa kufika hospitali. Kidonda kilikuwa kansa. Tulimzika kabla ya mavuno.

Sasa Parul anateka msikitini, mtungi kiunoni, na majirani wanafuatana naye. Madoa yaliyokuwa yameanza viganjani mwake yanafifia. Posa haijaja. Mgeni akipita na kiu akashika mpini ule mwekundu, Parul humwambia, "Hayo yalimuua mama. Keti, nikuletee mengine."